Barakoa kidevuni: Vijana wa Johannesburg na amri ya miaka miwili

Kuanzia Mei 1, 2020 hadi Juni 22, 2022, wakazi wa Johannesburg waliishi chini ya amri ya kuvaa barakoa kujikinga na virusi vya corona. Vijana wengi walikuwa nazo. Suala lilikuwa wanazivaa wapi: kidevuni, shingoni, au zimekaa mfukoni zikisubiri mlango wa duka.

Mlangoni ndipo zilipopanda. Mlinzi alisimama na chupa ya dawa ya mikono, na kila aliyetaka kuingia alivuta kitambaa hadi puani. Hatua chache ndani, kikashuka tena.

Haikusaidia kwamba Rais Cyril Ramaphosa mwenyewe, Aprili 23, 2020, alihangaika na barakoa yake mbele ya kamera za televisheni hadi ikamfunika macho. Picha hizo zilisambaa kwenye simu za vijana usiku huo huo, na Rais akazifanyia mzaha baadaye.

Kwenye teksi, zile ambazo nyumbani tunaziita daladala au matatu, mambo yalikuwa magumu zaidi. Teksi za Johannesburg hazina kondakta. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa abiria wa mbele, ambaye huhesabu na kurudisha chenji. Julai 2020 serikali iliruhusu teksi za safari fupi kujaza viti vyote, mradi kila abiria avae barakoa na madirisha yawe wazi. Julai ni katikati ya majira ya baridi huko. Dereva naye akawekwa chini ya sheria: akimpakia asiye na barakoa, kosa ni lake pia.

Sherehe za kumaliza shule

Mwishoni mwa Novemba 2020, wanafunzi waliomaliza kidato cha mwisho walimiminika Ballito, pwani ya KwaZulu-Natal, kwa tamasha linaloitwa Rage. Wengi walitoka jimbo la Gauteng, ambako ndiko iliko Johannesburg. Baada ya maambukizi kugundulika, Waziri wa Afya wa wakati huo, Zweli Mkhize, aliwataka wote waliohudhuria wajitenge na wapimwe. Desemba 9 alitangaza wimbi la pili, akisema kundi la umri lililoongoza kwa maambukizi ni miaka 15 hadi 19.

Kijana mwenyewe mara nyingi hakuugua sana. Hofu ilikuwa kwa bibi. Katika nyumba nyingi za Soweto na Alexandra vizazi vitatu hulala chini ya paa moja, na pensheni ya bibi ndiyo hununua unga.

Rekodi ya polisi

Desemba 28, 2020 Ramaphosa alitangaza kuwa kukaa hadharani bila barakoa ni kosa la jinai, kwa atakayekataa kuivaa baada ya kuamriwa. Adhabu ilikuwa faini au kifungo cha hadi miezi sita. Katika wiki zilizofuata maelfu walikamatwa.

Wengi huona kulipa faini ndio mwisho wa jambo. Lakini Afrika Kusini, anayelipa faini ya kukiri kosa anaweza kubaki na rekodi ya jinai, na kijana anayetafuta kazi hugundua hilo mwajiri anapoomba alama za vidole. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya vijana wanaotafuta kazi hawaipati, adhabu hiyo, kwa maoni yangu, ilizidi kosa.

Kwa Watanzania wa Johannesburg kulikuwa na kitendawili kingine. Nyumbani, serikali ya Rais John Magufuli iliacha kutoa takwimu za corona tangu mwishoni mwa Aprili 2020, na barakoa zilitazamwa kwa mashaka. Kenya ilikwenda upande wa Afrika Kusini: faini ya hadi shilingi 20,000. Neno lenyewe lina historia, kwani barakoa zamani lilikuwa vazi la uso la mabibi wa Zanzibar, na hakuna polisi aliyewalazimisha.

Waziri Joe Phaahla alifuta amri hiyo siku sita baada ya Siku ya Vijana ya mwaka 2022. Rekodi za jinai zilikaa zaidi. Ilikuwa hadi 2024 ndipo Ramaphosa aliposaini sheria iliyofungua njia ya kuzifuta.