Nunua Ndugu Asiye na Jina

Wanaotaka gari la mbio za dragi kwa fedha kidogo huanza kwa swali linalowagharimu: gari gani ni kali? Jibu lake linajulikana na kila mtu, na kwa sababu hiyo hiyo bei yake imeshapanda. Marekani utaambiwa Mustang au Camaro. Nairobi na Dar es Salaam utatajiwa Subaru Impreza WRX, Mitsubishi Evolution au Toyota Chaser yenye tabo. Mwenye mfuko mwepesi aulize hivi: gari gani limejengwa juu ya vyuma vilevile vya hayo makali, lakini halikupata jina?

Kwa wasioujua mchezo huu, dragi ni mbio za kunyooka. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, na wa kwanza kumaliza robo maili, yaani mita 402, ndiye mshindi. Viwanja vingine hukimbiza nusu ya hapo, mita 201. Chama kikubwa cha mchezo huu, NHRA, kilianzishwa Marekani mwaka 1951, na tangu mwanzo sehemu kubwa ya washiriki wamekuwa watu wa kawaida wenye gari moja la kazi na la starehe. Tunalozungumzia hapa ni gari la aina hiyo: lenye namba za barabarani, linalovumilia foleni bila kuchemsha, na bado likifika kiwanjani linamaliza robo maili kwa sekunde 11 au 12.

Mfano ulio wazi zaidi ni Ford Fairmont. Mwaka wa modeli 1978 Ford walitoa gari hili la familia, la pembe nne na sura ya kiofisi, likiwa la kwanza juu ya jukwaa walilolipa jina la Fox. Mwaka uliofuata jukwaa hilohilo likabeba Mustang mpya, nayo ikaendelea kulitumia hadi 1993. Kwa hiyo chini ya Fairmont kuna mpangilio wa Mustang: usukani, mikono ya mbele, na ekseli ngumu ya nyuma iliyoshikwa na mikono minne na springi za koili. Kwa zaidi ya miaka arobaini viwanda vidogo vya Marekani vimetengeneza springi, shokomzoba, mikono na viti vya injini kwa ajili ya Mustang hizo, na vingi hufungwa kwenye Fairmont bila marekebisho makubwa. Mercury Zephyr ni pacha wake. Anayenunua gari hili analipia bodi ya mzee mstaafu, kisha anaingia kwenye duka la spea la Mustang.

Koo nyingine zina ndugu wa namna hiyo. Buick Grand National ya 1987 leo ni mali ya wakusanyaji, ilhali Buick Regal ya kawaida, Oldsmobile Cutlass na Chevrolet Malibu za kizazi kilekile zimesimama juu ya jukwaa lilelile. Chevrolet Nova ina ndugu zake Pontiac Ventura, Oldsmobile Omega na Buick Apollo. Mlango nao huuza: gari la milango miwili huuzwa ghali kuliko la minne, na stesheni wagoni ndizo huachwa kabisa, wakati vyuma vya chini ni vilevile.

Baada ya ukoo, angalia mizani. Ipo kanuni ya makadirio ambayo mafundi wa dragi wameitumia kwa miaka mingi: chukua uzito wa gari pamoja na dereva kwa kilo, gawa kwa nguvu za farasi, tafuta kipeo cha tatu cha jibu, kisha zidisha kwa 7.58. Utapata sekunde za robo maili kwa gari lililoshika lami vizuri, usawa wa bahari. Gari la kilo 1,350 likitaka kumaliza kwa sekunde 11.5 linahitaji karibu farasi 385. La kilo 1,700 kwa muda huohuo linahitaji karibu 485. Kilo 350 za ziada, basi, zinakudai farasi mia moja, na farasi mia si kitu cha kuokota: ni tabo kubwa zaidi, pampu ya petroli kubwa zaidi na giaboksi imara zaidi. Uzito mdogo unaununua mara moja, siku unaponunua gari.

Tatu, nenda nyuma ya gari. Mbio za dragi huamuliwa mwanzoni. Kiwanjani hupimwa muda wa mita 18 za kwanza, na ukiokoa sehemu ya kumi ya sekunde hapo, mwisho wa robo maili utakuta umeokoa karibu moja na nusu hadi mbili za sehemu hizo. Gari linapoondoka, uzito huegemea nyuma, hivyo gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma hupata mshiko pale linapouhitaji, na la magurudumu ya mbele huupoteza. Kwa mjenzi wa bajeti, ekseli ngumu ni rafiki. Ni rahisi kuimarisha, ni rahisi kurekebisha pembe zake, na haina shafti mbili za pembeni za kukatika. Pima pia nafasi ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma. Tairi pana isiyoingia itakulazimisha ukate bodi.

Difu ndiyo hufa kwanza. Fairmont nyingi zilitoka kiwandani na difu ndogo zisizomudu nguvu. Mustang za V8 zilipata difu ya inchi 8.8 mwaka 1986, na Ford Explorer za miaka ya 1990 zilibeba difu ya ukubwa huohuo yenye shafti nene zaidi, meno 31 badala ya 28 ya Mustang, na kuanzia 1995 ikaja na breki za diski. Explorer zilijaa kwenye yadi za magari mabovu Marekani, kwa hiyo fundi huchomelea vishikio vipya juu ya ekseli hiyo na kuifunga. Hapo ndipo faida ya ukoo inapoonekana: tatizo lako limeshatatuliwa na maelfu ya watu kabla yako, na suluhisho linauzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Injini nayo itafutwe kwa wingi wake, jina liwe baadaye. General Motors walianza kufunga V8 za lita 4.8 na 5.3 kwenye pikapu zao za mwaka wa modeli 1999. Bloku za nyingi kati yake ni za chuma cha kusubu; ni nzito kuliko za alumini, lakini huvumilia tabo. Kwa kuwa pikapu hizo ziliuzwa kwa wingi, injini zake ni rahisi kupata, na mafundi wamezifunga kwenye karibu kila gari lenye nafasi ya kutosha mbele. Kabla ya kununua, pima upana wa chumba cha injini, angalia usukani unapita wapi, na hakikisha sampu ya oili haitagonga kiunzi cha mbele. Sampu za pikapu ni za kina kirefu, na kwenye gari dogo mara nyingi hubadilishwa.

Ugeni una mpaka wake. AMC ilitengeneza magari mepesi yenye sura za kuvutia, Hornet kuanzia mwaka wa modeli 1970 na Gremlin iliyotoka mwaka huohuo, lakini kampuni yenyewe ilinunuliwa na Chrysler mwaka 1987. Injini unaweza kubadilisha, difu unaweza kubadilisha. Kioo cha mbele, raba za milango, taa na bawaba ni habari nyingine, maana hivyo havitoki kwa ndugu wa ukoo, na kwenye gari lililouzwa kidogo hugeuka msako wa miezi. Gari likae la ajabu machoni tu. Chini ya bonati na chini ya sakafu liwe la kawaida kabisa.

Kwenye bodi yenyewe usichunguze rangi. Piga magoti uangalie mahali mikono ya nyuma inapofungwa, minara ya shokomzoba, na mihimili ya chini ya milango. Magari haya mengi hayana chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasisi. Nguvu za injini zikipita kwenye chuma kilicholiwa na kutu, sakafu hujikunja. Kiti kilichochanika utashona kwa siku moja, lakini mhimili uliooza utakula bajeti nzima.

Kisha jiwekee lengo la muda, kwa sababu usalama una bei. Kwa kanuni za NHRA, dereva wa gari linalokimbia 13.99 au chini ya hapo lazima avae kofia ngumu. Kuanzia 11.49, gari lenye paa lazima liwe na nguzo za chuma za kukinga dereva likipinduka, na kuanzia 9.99 nguzo hizo lazima ziwe kizimba kamili. Kizimba kizuri ni gharama, na kwenye gari la barabarani ni hatari kwa kichwa kisicho na kofia. Ndiyo maana 11.5 ni lengo la busara: ni kasi kubwa, na bado familia inaweza kupanda gari bila kupenya katikati ya mabomba. Kasi hiyo ni ya kiwanjani, kwenye njia iliyofungwa yenye gari la wagonjwa kando. Barabara kuu usiku haina hata kimoja cha hivyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kutumia hesabu hiyohiyo bila kuagiza Fairmont. Ukoo wetu ni Toyota Mark II, Chaser na Cresta za miaka ya 1990. Herufi za modeli zinakueleza kila kitu: GX90 na GX100 zina injini ya 1G ya lita 2.0, JZX90 na JZX100 zina 1JZ ya lita 2.5, na iliyo kali zaidi ni 1JZ-GTE yenye tabo, ambayo kiwandani iliandikiwa nguvu 280. Bodi ni moja. GX100 ya mwanzo ina takriban nguvu 140, na kwa kanuni yetu haimalizi robo maili chini ya sekunde 16. Ile ya tabo, ikiwa na kilo 1,550 pamoja na dereva, hukaribia 13.4 kabla ya kuguswa na fundi. Chaser kila kijana anaitaka. Cresta ya mzee, yenye injini ya 1G, haina anayeigombea. Viti vya injini, propela, difu na breki za JZX hukaa humo. Usihamishe injini peke yake ukaacha difu ndogo ya GX nyuma, kwa sababu nyuma kuna shafti za pembeni na mzigo wa kuondoka huanzia hapo.

Mwinuko nao uingie kwenye hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban moja ya sita ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Wamarekani walilijua hilo kwenye kiwanja cha Bandimere karibu na Denver, kilichokuwa kwenye mwinuko unaokaribia wa Nairobi, ambako muda wa magari ulirekebishwa kwa hesabu ya mwinuko. Tabo, inayosukuma hewa ndani kwa nguvu ya moshi wa ekzosi, hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo V8 ya kabureta inaweza kumfaa mtu wa pwani, lakini wa bara ataijutia.

Makaratasi yako yaangalie kabla ya injini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo JZX100 ya kweli utaitafuta miongoni mwa zilizokwisha ingia. Tanzania inaruhusu, ila huongeza ushuru wa uchakavu. Na namba ya injini imeandikwa kwenye nyaraka za gari, kwa hiyo kuibadilisha bila kuiandikisha ni kuweka gari lote rehani.

Mwisho, fanya jaribio hili kabla ya kulipa. Chukua simu uulizie bei ya vitu vitano vya gari unalolitaka: difu imara, viti vya kufungia injini unayoitaka, kioo cha mbele, pedi za breki, na giaboksi ya akiba. Ukipata vinne kwa siku moja, gari hilo lina ukoo, na unaweza kuanza kupatana bei. Ukipata kimoja tu, mshukuru mwenye gari kwa muda wake, uendelee kutafuta.