Misuli, Mafuta na Unga wa Kabla ya Mazoezi

Uzito wa mtu ni jumla ya vitu vingi: misuli, mafuta, mifupa, maji na viungo vya ndani. Wanaume wawili wenye urefu wa mita 1.75 wanaweza kupanda mizani moja na kila mmoja akasoma kilo 80, ilhali mmoja ana mabega mapana na kiuno chembamba, na mwenzake ana kitambi na mikono iliyolegea. Kinachowatofautisha ni muundo wa mwili, yaani mgawanyo wa uzito kati ya mafuta na visivyo mafuta. Mgawanyo huo ndio unaotoa umbo, na una uzito mkubwa katika afya.

Mafuta yenyewe yana kazi. Huhifadhi nishati, hulinda viungo na hushiriki katika kutengeneza homoni. Mwanamume hawezi kuishi salama bila kiasi cha asilimia 3 ya mafuta mwilini, na mwanamke takriban asilimia 12. Yanayohatarisha zaidi ni yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, kwa kuwa yanahusishwa na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana madhara ya kiwango hicho.

Kupima kilicho ndani

Kipimo kinachotumika sana hospitalini hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake katika mita, uliozidishwa kwa wenyewe. Chanzo chake ni kazi ya Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Yeye alikuwa akichunguza makundi ya watu, hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Wale wanaume wawili wa kilo 80 wote wanapata 26.1, na kwa mizania ya Shirika la Afya Duniani, inayoanza kuhesabu uzito uliozidi kwenye 25, wote wawili wamezidi. Hesabu hiyo haioni tofauti ya msuli na kitambi.

Futikamba ya fundi cherehani huiona. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi kwa kawaida. Mwongozo rahisi ni kwamba kiuno kisifikie nusu ya urefu, kwa hiyo mtu wa sentimita 175 anapaswa kubaki chini ya sentimita 87.5. Mizani za umeme zinazotaja asilimia ya mafuta hupitisha mkondo mdogo mwilini. Maji huupitisha kwa urahisi na mafuta huuzuia, na ndiyo sababu glasi chache za maji au jasho jingi huweza kubadili jibu. Anayezitumia apime kwa mizani ileile, saa ileile, na aangalie mwelekeo wa wiki kadhaa.

Jinsi misuli inavyokua

Msuli hukua unapolazimishwa kubeba mzigo unaoukaribisha kwenye kikomo cha nguvu zake, kisha ukapewa chakula na mapumziko. Mzigo ukibaki uleule mwezi hadi mwezi, mwili huuzoea na kuacha kubadilika. Ndiyo maana uzito, idadi ya marudio au idadi ya seti huongezwa kidogo kidogo. Kila kundi la misuli kufanyishwa kazi mara mbili kwa wiki kunawatosha wengi. Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kujivuta kwenye chuma na kuinua mzigo kutoka sakafuni hugusa karibu mwili mzima. Asiyekuwa na ada ya jimu anaweza kuanza na dumu la maji, kwani lita 20 ni kilo 20.

Wiki za mwanzo nguvu huongezeka hata kabla umbo halijabadilika, kwa sababu ubongo na neva hujifunza kwanza kuiamsha misuli iliyopo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa mbele ya kioo. Wanawake wengi nao huviogopa vyuma wakidhani vitawapa mwili wa kiume. Testosteroni, homoni inayosukuma ukuaji mkubwa wa misuli, ni kidogo mno katika mwili wa mwanamke, na kinachopatikana zaidi ni nguvu, mifupa imara na umbo lililokaza.

Kitambi hakiondolewi kwa mazoezi ya tumbo peke yake. Mwili huchota mafuta kutoka sehemu zote pale nishati inayotumika inapozidi inayoliwa, na kila mtu ana mpangilio wake wa wapi panatangulia kupungua. Mazoezi ya vyuma wakati wa kupunguza kula yana faida nyingine: huusaidia mwili kupoteza mafuta huku ukibakiza misuli.

Kwa anayejenga mwili, takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku zinatosha, yaani gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina karibu gramu 6. Dagaa wakavu, samaki, kuku, maziwa, karanga na maharage hujaza zilizobaki. Ugali na maharage vinafaana kwa sababu ya kikemia: mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage yana upungufu wa kijenzi kingine, methionini, ambayo mahindi huiongezea.

Kilichomo ndani ya kopo

Unga unaokorogwa na maji na kunywewa kabla ya mazoezi hutegemea zaidi kafeini. Kafeini huziba milango ambayo adenosini, kemikali ya uchovu, huitumia kuuambia ubongo upumzike. Mnywaji husikia ari, na uchovu huchelewa kumfikia. Kijiko kimoja cha unga mara nyingi hubeba miligramu 150 hadi 300, wakati kikombe cha kahawa kina karibu 100. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito.

Kafeini hukaa mwilini muda mrefu: nusu yake hubaki baada ya saa tano hivi. Anayekunywa miligramu 300 saa 12 jioni bado ana 150 saa 5 usiku, sawa na mtu anayepanda kitandani baada ya kikombe na nusu cha kahawa. Usingizi anaoupoteza ndio uliokuwa umtengenezee misuli.

Mbali na kafeini, unga huu huwa na viungo vingine. Beta-alanini husababisha ngozi ya uso na mikono kuwasha au kuchonyota. Wengi huona hiyo ni dalili kwamba dawa imeingia, lakini mwasho huo hauongezi nguvu yoyote. Beta-alanini husaidia kupunguza makali ya tindikali ndani ya misuli ikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, na kijiko cha leo hakibadilishi zoezi la leo. Kreatini, iliyogunduliwa ndani ya nyama na mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwaka 1832, ina ushahidi ulio imara kuliko vingine. Huirudishia misuli haraka nishati ya juhudi fupi na kali. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha, saa yoyote. Huvuta maji ndani ya misuli, hivyo mizani inaweza kupanda bila mafuta kuongezeka. Sitrulini hupanua mishipa ya damu, lakini faida yake mazoezini haijatoa majibu yanayolingana.

Lebo na hatari zake

Makopo mengine huandika jumla ya mchanganyiko bila kutaja kiasi cha kila kitu, na mnunuzi hawezi kujua kafeini ni kiasi gani. Nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1994, mtengenezaji wa virutubisho halazimiki kuthibitisha kwamba bidhaa inafanya kazi kabla ya kuiuza, na serikali huingilia zaidi madhara yakishajitokeza. Efedra, kichocheo cha mmea kilichotiwa kwenye virutubisho, ilipigwa marufuku huko mwaka 2004 baada ya kuhusishwa na vifo. Baadaye DMAA, kichocheo kinachobana mishipa ya damu, ilionekana ndani ya makopo ya kabla ya mazoezi. Mwaka 2012 mkimbiaji mmoja wa marathoni ya London alifariki akiwa amekunywa kinywaji chenye kemikali hiyo.

Mwanariadha wa mashindano ana hatari ya ziada. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni mwaka 2004, lakini DMAA imekatazwa wakati wa mashindano. Kwa kanuni za kupambana na dawa hizo, mwanariadha hubeba dhamana ya chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakikuandikwa kwenye kopo. Alama ya maabara huru inayopima kila toleo la bidhaa hupunguza hatari hiyo, ingawa haiimalizi.

Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au wasiwasi mkali, wajawazito, watoto, na wanaotumia dawa za hospitali wamwone daktari kabla ya kugusa unga huu. Kuumeza mkavu bila maji ni hatari kwa yeyote, kwa kuwa huweza kuingia kwenye njia ya hewa, na kafeini yote humfikia mtu kwa mkupuo. Kwa mtu mwenye afya anayetaka kuchangamka, kikombe kimoja au viwili vya kahawa saa moja kabla ya mazoezi hutoa sehemu kubwa ya kinachouzwa ndani ya kopo. Fedha zinazobaki zinunue mayai, dagaa na maharage, kwa maana bila hivyo mzigo unaoinuliwa hauna cha kujengea msuli.