Nani Atakunja Mkeka?

Yeyote aliyepata kupita Jumapili asubuhi kando ya uwanja wa Nyamagana, au viwanja vya Furahisha kule Kirumba, kabla jua halijapanda juu ya majabali ya Mwanza, hakosi kuwa amewaona waungwana wenye mvi, baadhi yao matumbo yamekwisha kuwatangulia kwa hatua moja, wakiufukuza mpira kwa bidii ambayo vijana wa ligi wangeionea haya. Hao ndio maveterani. Na neno hilo kwetu sisi halimaanishi askari aliyerudi vitani, bali mchezaji ambaye umri umekwisha kumtoa ligini ilhali moyo wake umekataa katakata kutoka. Jumuiya zao huzaliwa kwa wepesi, aghalabu juu ya kikombe cha kahawa au baada ya maziko ya mchezaji mwenzao wa zamani, na hufa kwa wepesi uleule; wala kinachoziua si uhaba wa fedha, kama wengi wanavyodhani, bali ni kukosa tadbiri, yaani ile hekima ya kukaa kitako na kupima ulicho nacho, unachokitaka na muda uliobakiwa nao, kabla hujaagiza jezi.

Nakusudia kuizungumzia tadbiri hiyo kwa mfano wa kriketi, ingawa najua kwamba hapa kwetu kandanda ndiyo sultani wa michezo. Nimeuchagua mchezo huu kwa kuwa ndio unaomstahimili mtu mzima kuliko mwingine wowote, na kwa kuwa vyombo vyake ni vingi. Na penye vyombo vingi ndipo uzembe wa chama unapodhihirika upesi.

Kriketi haikuletwa na Wajerumani, ambao waliifanya Mwanza kituo chao mwaka 1892 na ambao mchezo huo hawakuujua wala hawakuutaka. Ilikuja Tanganyika pamoja na utawala wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya kwanza, nao Wahindi, makarani kwa matajiri, wakaishika kwa mikono miwili, hata ikawa katika miji mingi wao ndio waliokuwa wenye uwanja, wenye magongo na wenye watazamaji. Mwaka 1951 vyama vya Kenya, Uganda na Tanganyika vilifanya shirikisho lao, na mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza, ikatokea timu iliyoitwa Afrika Mashariki, nahodha wake Harilal Shah wa Kenya, na ndani yake wakiwamo Praful Mehta na Shiraz Sumar kutoka Tanzania, na John Nagenda wa Uganda, ambaye wasomaji wengi walikuja kumjua baadaye kwa kalamu yake kuliko kwa mpira. Tarehe 7 Juni New Zealand waliandika mikimbio 309, Glenn Turner peke yake 171 bila ya kutolewa, na vijana wetu wakajibu kwa 128. Siku nne baadaye walipata 120, India wakazifikia na kuzipita bila ya kupoteza hata wiketi moja, yaani bila mpigaji wao hata mmoja kutolewa. Na tarehe 14 Waingereza wakawatoa wote kwa 94. Sina haja ya kuwacheka. Ile ilikuwa timu ya nchi kadhaa zilizokutana chini ya jina moja, na jina peke yake haliwezi kudaka mpira.

Kwa upande wetu lilikuwapo na jambo jingine. Mwaka 1971, serikali ilipoyataifisha majumba ya kupangisha, familia nyingi za Kihindi zilifunga mizigo yao zikaenda zao, na kila iliyoondoka iliondoka na mchezaji, au mweka hazina, au yule mzee aliyejua ufunguo wa stoo umewekwa wapi. Mchezo uliokuwa umehifadhiwa ndani ya jamaa chache ulipungua kadiri jamaa zile zilivyopungua, mpaka Tanzania ilipokubaliwa kuwa mwanachama wa baraza la kriketi la dunia kwa jina lake yenyewe mwaka 2001 na kazi ya kuupeleka mchezo mashuleni ikashika kasi. Jirani zetu wa Kenya nao, baada ya kuishangaza dunia kwa kufika nusu fainali mwaka 2003, waliipoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2014. Wao hawakukosa vipaji asilani; walikosa watu wa kusimama nyuma ya vipaji.

Sasa niufikie ule mkeka wa kichwa cha makala haya, maana humo ndimo somo langu lilimolala.

Kiwanja cha kriketi chaweza kuwa kikubwa, lakini moyo wake ni njia nyembamba ya mita 20 na ushei, na katika Afrika Mashariki, ambako majani ya kukatwa kwa mashine na udongo wa kusukumwa kwa gurudumu zito ni anasa ya wachache, njia hiyo kwa miaka mingi imetandikwa mkeka wa makumbi ya nazi, nyuzi nene za rangi ya hudhurungi zilizofumwa kama busati la mlangoni. Mkeka huo huvutwa na watu wanne, wawili kila upande, kisha ukashikizwa kwa vigingi vya chuma. Ukilegea, mpira hutambaa kama mjusi na kumpita mchezaji miguuni. Ukikazwa barabara, mpira huruka hata kifuani, na mtu wa miaka 58 asiyevaa kinga akajuta. Mpira wenyewe, nisisahau kutaja, ni wa ngozi iliyoshonwa juu ya kizibo na uzi, uzito wake gramu 156 hadi 163, nao hauna huruma kwa kidole cha mtu yeyote.

Mwandishi huyu aliwahi kuwa katibu wa chama kimoja cha watu wazima, nisichopenda kukitaja jina kwa kuwa baadhi ya wenzangu wangali hai na kumbukumbu zao ni kali. Tulikuwa na dira, iliyoandikwa kurasa tatu kwa Kiswahili fasaha, ndani yake tukiahidi kuinua vipaji, kudumisha udugu na kushirikiana na mataifa. Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, baada ya mechi, palikuwa na pilau. Kila mmoja wetu alikwenda kunawa mikono akiamini kwamba mwenzake ameukunja mkeka. Usiku mvua ya vuli ikashuka kutoka ziwani kama ilivyo desturi yake, pasipo hodi. Asubuhi tuliukuta mkeka umelewa maji, mzito kiasi cha kuwashinda wanaume sita kuubeba, na tulipoutia stoo ungali mbichi, ukaota ukungu, kisha panya wakakamilisha kazi. Msimu ule ukaishia hapo. Nilipoifungua tena ile dira ya kurasa tatu, sikuliona ndani yake hata neno moja juu ya mkeka.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo changu cha mpango wa chama, nacho ni kuuliza: baada ya mechi, nani atakunja mkeka? Mpango usioweza kulijibu swali hilo kwa jina la mtu ni shairi, na mashairi yana mahali pake.

Watu wa kanda hii ya ziwa hawakuhitaji kufundishwa hayo na wageni. Wasukuma wana vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyonasibishwa na mafundi wawili wa kale, Ngika na Gumha. Na wanachama wake tangu zamani hawakukutana kwa ajili ya kucheza tu, bali walilima pamoja wakati wa mvua, wakavuna, kisha mwezi wa Juni ulipoingia wakashindana. Yaani mwaka wenyewe ndio uliowapangia ratiba. Veterani wa kriketi naye hana budi kuisoma kalenda hiyohiyo: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na kati yake ipo miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ambayo ndiyo msimu wake halali. Atakayepanga mashindano yake mwezi wa Aprili asimlaumu Mungu.

Na walipotaka haki yao ya pamba, wakulima wa jimbo hili hawakuanza na hotuba. Walianza na mizani. Wanunuzi walikuwa wakiwapunja katika kupima, na mnamo mwaka 1950 wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, Paul Bomani akiwa mbele yao, wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni ili mkulima ajue uzito wa mzigo wake kabla hajaufikisha kwa mnunuzi. Katika jambo hilo dogo, lenye kuonekana kwa macho na kuhesabika kwa ratili, ndimo imani ya watu ilimoota. Mwaka 1952 kikaja chama cha wakulima, na mwaka 1955 lile shirikisho kubwa la vyama vya ushirika la Victoria. Kwamba serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 ni hadithi nyingine, nami nisingependa kuifupisha hapa.

Basi na tuseme wapo watu wazima kumi na wanane mjini Mwanza wanaotaka kuanzisha chama cha kriketi. Ningewashauri waanze na daftari la umri kabla ya daftari la fedha. Ikiwa wastani wao ni miaka 54, baada ya miaka kumi utakuwa 64, na hakuna dira itakayobadili hesabu hiyo isipokuwa kwa kuingiza watu wapya. Hapo ndipo ubora wa kriketi unapojitokeza, kwa sababu mchezo huu una ngazi za kushukia taratibu. Anayeshindwa kukimbia aweza kusimama karibu na wiketi akadaka. Asiyeweza kuinama atakuwa mwamuzi, avae kofia nyeupe na ahesabu mipira sita ya kila ova kwa vijiwe mfukoni. Na asiyeweza kusimama ataketi kivulini na penseli, aandike mikimbio, kazi ambayo wazee wenye insafu huifanya vizuri kuliko vijana wenye haraka. Hata mchezaji aliyeumia goti, kwa sheria za asili za mchezo, aweza kupewa mwenziwe wa kumkimbilia, ruhusa ambayo mechi za kimataifa ziliifuta mwaka 2011 lakini ambayo maveterani wangekuwa wajinga kuifuta.

Katika fedha nina neno moja tu, lakini nalisema kwa mkazo: kasha la mchezo na kasha la maziko yasiwe kasha moja. Chama cha watu wazima ni chama cha misiba, haikwepeki. Mwanachama akifiwa hatuwezi kumwambia kwamba rambirambi yake imenunua magongo, wala hatuwezi kila mwezi kuzika kwa fedha za magongo kisha tukashangaa kwamba hatuna cha kuchezea. Nimeona vyama vikivunjika kwa jambo hili pasipo mwizi hata mmoja.

Usajili usiwatishe. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ipo tangu mwaka 1967, msajili wa vyama vya michezo yupo, na afisa michezo wa wilaya atawaambia kinachotakiwa; katiba iwe fupi. La kiwanja ni gumu zaidi, kwa kuwa viwanja vya wazi mjini ni vya watu wote, na mpira mgumu hauchanganyiki na watoto wapitao wala na kina mama wanaorudi kutoka soko la Mwaloni na ndoo za dagaa. Heri kuafikiana na shule moja yenye eneo, kwa maandishi, na badala ya kodi kuwafundisha wanafunzi wake, kuliko kugombea Jumapili na timu nne za kandanda.

Safari nazo zina fitina yake. Mtu akisikia kwamba waliotimiza miaka 50 walifanyiwa kombe lao la dunia kule Sydney mwaka 2018, huanza kuota. Lakini mashindano yaliyofuata, Cape Town mwaka 2020, yalikatizwa njiani na korona, wachezaji wakarudi makwao. Sisi tuna Musoma, Bukoba na Kisumu, miji ya ziwa moja. Safari moja kwa mwaka, iliyowekewa akiba tangu mwezi wa kwanza, yatosha.

Chama kile nilichokuwa katibu wake kilinunua mkeka mwingine baada ya mwaka mzima wa kuchanga. Dira ya kurasa tatu tuliiweka kabatini, na mahali pake mweka hazina wetu, mzee wa makamo ya 70 aliyekuwa zamani mpimaji wa pamba, akabandika ukutani karatasi moja yenye majina manne kwa kila Jumapili. Jioni ya kwanza kijana mmoja jirani, aliyezoea kuja kutazama tu akiwa ameegemea baiskeli yake, aliisoma karatasi ile akamwendea.

“Shikamoo, Mzee. Naona mmeniandika jina.”

“Marahaba, mwanangu. Tumekuandika.”

“Lakini mimi si mwanachama. Hata huo mchezo wenyewe siujui.”

“Utaujua,” mzee akasema, akichuchumaa kwa taabu kung'oa kigingi. “Kwa sasa shika ncha ile.”