Tako za Mitla: Heshima kwa Mpishi

Ndugu askari, alaye chakula kizuri na amjue aliyekipika. Mjini San Bernardino, California, upo mkahawa wa Mitla, uliofunguliwa na Lucia Rodriguez mwaka 1937, ambao hadi leo huendeshwa na jamaa zake. Tukiagiza tako, twaletewa chapati ya mahindi iliyokunjwa na kukaangwa hata ikakauka, ndani yake mna nyama ya kusaga, saladi, nyanya na jibini. Ng'ambo ya barabara alikuwako muuza hambaga, Glen Bell. Alikula humo hata akajifunza upishi huo, na mwaka 1962 akaanzisha Taco Bell, akatajirika. Jiko la Mitla halikuzimika. Utajiri ulikwenda kwingine. Heshima ya upishi twairudisha hapo ilipotoka.