Usalama Mtandaoni (2): Nywila ya Proksi Isivuke Mlango Wake

Juma lililopita tuliona kazi ya proksi, kompyuta inayokaa kati ya ofisi na intaneti na kupitisha maombi ya watumiaji wengi. Leo tutazame jinsi siri yake inavyovuja.

Chukua ofisi iliyoko Kintinku, wilayani Manyoni, inayopata intaneti kupitia proksi ya makao makuu. Mfanyakazi akifungua tovuti, proksi humjibu kwa msimbo 407: jitambulishe kwanza. Kompyuta yake hutuma jina na nywila katika kichwa cha ujumbe kiitwacho Proxy-Authorization. Kwa utaratibu ulio rahisi zaidi, siri hiyo huandikwa kwa Base64, na Base64 si fumbo: anayeinasa huisoma papo hapo.

Ujumbe huo unaihusu proksi peke yake. Ni sawa na mkulima wa Kintinku: akienda kutoa alizeti yake ghalani, namba ya siri humtajia mlinzi wa ghala; mnunuzi wa Dodoma haimhusu.

Tovuti ikiwa ya HTTPS, kompyuta huiomba proksi ifungue njia kwa amri ya CONNECT, na nywila huambatana na amri hiyo. Njia ikishafunguka, yote yapitayo humo humfikia mwenye tovuti, na proksi haiwezi kuyaona wala kuyachuja. Mwaka 2003 programu ya curl iligundulika ikipeleka nywila ya proksi hadi kwa seva ya mbali. Toleo la 7.10.7 likaziba tundu. Miaka 20 baadaye, Mei 2023, kosa la aina hiyo likaibuka katika Requests, maktaba maarufu ya lugha ya Python. Seva ilipomwelekeza mtumiaji kwenye anwani ya HTTPS, maktaba iliibandika nywila upya na kuituma ndani ya njia. Matoleo ya 2.3.0 hadi 2.30.0 yaliathirika, 2.31.0 likaleta dawa.

Kwa hiyo fundi asasishe programu, kisha abadilishe nywila, maana iliyokwisha kuvuja haizibwi na toleo jipya. Nywila ya proksi isiwe ile ya barua pepe au ya mfumo wa malipo. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Msomaji, muulize fundi wa ofisi yako leo: tunatumia toleo gani?