Kanga husomwa kwa sauti kabla ya kulipiwa

MTEJA wa kanga akiingia dukani, iwe Mtaa wa Biashara mjini Mombasa au Kariakoo jijini Dar es Salaam, hutazama rangi kwanza. Kisha hufunua doti na kusoma jina kwa sauti, wakati mwingine mara mbili. Hapo ndipo biashara huamuliwa. Jina lisipopendeza masikioni, rangi peke yake haimtoi mtu fedha mfukoni.

Jina ni ule msemo uliochapwa ndani ya mji, juu ya pindo la chini. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyefahamika kama Abdulla, ndiye anayetajwa kuanzisha majina hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu za irabu fupi, wakati Kiswahili kina irabu tano. Aliyesoma alipaswa kuwa ameshausikia msemo ndipo autamke sawasawa.

Herufi za Kirumi zilileta irabu zote tano, ila hazikuleta kiimbo. Majina mengi huchapwa kwa herufi kubwa tupu, bila alama ya kuuliza. Chukua neno kama UMENISAHAU. Kwa Kiswahili, swali na taarifa huweza kutofautishwa na kupanda na kushuka kwa sauti tu. Je, mvaaji anauliza, analaumu au anatania? Kitambaa hakisemi, kila anayesoma hutia sauti yake. Ndiyo maana zawadi ya doti moja huweza kupatanisha mawifi au kuwagombanisha, na aliyeitoa hajafungua kinywa.

Jina zuri hubeba mizani yake lenyewe. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI halina koma, lakini pande zake mbili hufungwa na sauti moja ya “-ti”, hivyo ulimi unajua pa kupumzika. Msemo wa namna hiyo mteja huondoka nao kichwani hata asiponunua.

Vitenge navyo hupewa majina sokoni, kuanzia Kongo hadi Togo, ila hayo hutoka midomoni mwa wauzaji. Jina lisipovuma, huweza kubadilishwa. Kanga haina nafasi hiyo: kilichochapwa kimechapwa.

Kwa anayevuka Horohoro na marobota, hasara huanzia hapo. Rangi ikimwagikia herufi, au mikono ya E ikafifia ikasomeka I, PENDO hugeuka PINDO, na mteja hurudisha doti akicheka. Kabla ya kulipia mzigo, fungua doti moja ya kila jina. Lisome kwa sauti kama swali, kisha kama taarifa. Halafu mpe mtu mwingine alisome bila kumwelekeza. Akisoma usivyotarajia, ujue na wateja wako watasoma hivyo hivyo.