Moja na Moja ni Ngapi?

Swali hili ni la watoto wa darasa la kwanza, na jibu lake ni mbili. Lakini wako wajibuo kwa mzaha, "Kumi na moja," kwa kuwa wameziandika tarakimu hizo bega kwa bega. Na wengine, "Moja," kwa kuwa tone la maji likiangukia tone jingine huwa tone moja. Mwalimu mkali huyaita yote hayo utundu, akatia alama ya kosa. Naona haraka hiyo haifai, maana huenda mtoto anauliza jambo la haki: ni vitu gani vihesabiwavyo, nalo neno "na" lina maana gani?

Lugha yetu yenyewe huuliza hivyo kila siku. Mtu na mtu ni wawili, mti na mti ni miwili, kiti na kiti ni viwili, jino na jino ni mawili. Sita, saba na tisa, zilizotoka katika Kiarabu, hazibadiliki. Bali nane, ikaayo katikati yao, husema watu wanane, viti vinane.

Tena tazama vipimo. Pishi ya maharagwe ikichanganywa na pishi ya unga haitimizi pishi mbili, kwa sababu unga hujipenyeza katika nafasi zilizo baina ya maharagwe. Ukipima kwa mizani, uzito haukupungua hata kidogo. Basi mtoto aliyeyaona hayo jikoni akisema "si mbili kamili," hakukosa. Amehesabu kitu kingine. Na saa je? Saa nane ya mchana ukiongeza saa sita, wafika saa mbili ya usiku, wala hakuna anayecheka.

Mwaka 1703 Leibniz alitangaza namna ya kuandika hesabu kwa 0 na 1 tu. Humo moja na moja huandikwa 10. Hiyo si kumi, ni mbili iliyovaa nguo nyingine.

Wataalamu nao hawakulidharau swali hili. Whitehead na Russell, Waingereza, walitaka kujenga hesabu yote juu ya kanuni za mantiki peke yake. Katika kitabu chao cha kwanza, cha mwaka 1910, walifika ukurasa wa 379 ndipo walipopata msingi wa jawabu hili. Na jumla yenyewe ilithibitishwa katika kitabu cha pili, mwaka 1912.